Wimbo wa Kumtoa Baba Bomani

Jirani yetu fundi seremala ana kawaida ya kuyeyusha nta ya nyuki ndani ya kopo, juu ya jiko la mkaa, kisha anazipaka meza na kabati zake mpaka zing'ae. Juzi harufu ile iliingia moja kwa moja chumbani kwangu. Nikaweka chini kitambaa nilichokuwa nashona, nikafunga dirisha. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, kwani moshi umekuingia machoni?" Nikamjibu ndiyo, moshi. Sikuwa na nguvu ya kumweleza mtoto wa watu kwamba nta ile imenirudisha kwenye chumba cha mama mmoja wa Kizungu, na kwamba kila nikikikumbuka chumba kile nashindwa kula.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Sisi tuliozaliwa huku chini ya Meru wakati wa Mjerumani tuna mambo ambayo hatujawaambia watoto wetu, na si kwamba tumeyasahau. Hili la kwangu nimelibeba peke yangu tangu nikiwa na meno ya utoto. Sasa nimechoka kulibeba.

Kwetu kulikuwa juu ya Kimandolu, katikati ya migomba, pale kijia kinapoiacha barabara ya Moshi na kupanda mlimani. Baba alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika hadi kwa jirani. Mama, ambaye sisi tulimwita yeyo kama Waarusha wote wanavyomwita mama, alikuwa mkimya, na mambo yake aliyafanya kwa mikono kuliko kwa mdomo. Kila asubuhi yeyo na mimi tulipeleka kibuyu cha maziwa kwenye nyumba ya mwenye shamba la kahawa. Mwenye shamba alikuwa Mjerumani na muda mwingi hakuwepo, ama yuko Moshi ama yuko porini anawinda. Aliyekuwepo ni mkewe. Huyo alitoka Italia, jina lake lilitushinda, kwa hiyo sisi tulimwita Mama Kinanda.

Kinanda chake hakikuwa kama kile cha misheni, cha kukanyaga kwa miguu ili kivute pumzi. Chake kilikuwa chembamba, kimesimama kwa miguu minne, na kila mguu uliwekwa ndani ya kopo la mafuta ya taa ili mchwa wasipande. Kila asubuhi alikipaka nta. Ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba kuliko nilivyowahi kuona, na kila uzi ulidonolewa na kijiti chenye ncha ya unyoya. Unyoya ukivunjika, sauti moja ilikufa, na Mama Kinanda alizunguka nyumba nzima akihangaika kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Baba ndiye aliyempatia dawa. Alikwenda machinjioni akaokota manyoya ya tumbusi, akampelekea fungu zima. Siku hiyo Mama Kinanda alimpigia baba wimbo mmoja, baba akasikiliza akiwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, kisha akatuambia njiani, "Sasa yule tumbusi anaimba vizuri. Alipokuwa hai alikuwa na sauti mbaya sana."

Ndani ya kifuniko cha kinanda kulikuwa na picha iliyopakwa rangi. Mtu mmoja ameketi juu ya jiwe, anapiga kitu kama zeze, na wanyama wote wamekuja kumsikiliza. Simba yupo, paa yupo, ndege wapo, hata miti imeinama. Mimi nilitafuta ng'ombe, sikumwona hata mmoja, nikamhurumia yule mtu. Uhodari wote ule na hana ng'ombe!

Nyimbo za Mama Kinanda zilikuwa za kwao za zamani sana, za wakati wa babu wa babu zake, na zote zilikuwa za mapenzi, na mapenzi yenyewe yote yalikuwa ya msiba. Msichana anakimbizwa na mungu mmoja wa zamani mpaka anageuka mti. Mwanamke anachukuliwa na usingizi kisiwani, anaamka, mpenzi wake ameshaondoka na mashua. Na kuna mtoto kipofu mwenye upinde, anapiga watu mishale ovyo, na aliyepigwa lazima apende. Yeyo alipoisikia hiyo alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Nani huyo mzazi," akauliza, "aliyempa kipofu upinde?"

Muziki wenyewe sikuuelewa, lakini uliniingia. Mkono wa kushoto ulishuka sauti nne, hatua kwa hatua, na ukifika chini unapanda kuanza upya, zile zile nne, bila kubadilika. Juu yake sauti ya Mama Kinanda ilihangaika. Ilipanda, ikatafuta njia ya kutokea, ikavutwa tena chini. Akifika mwisho alirudi mwanzo, maneno yale yale, ila safari hii aliyapinda na kuyatetemesha kwa mapambo mengi. Mwanzoni nilidhani amesahau kwamba ameshaimba. Baadaye nikajua kwamba mara ya pili ndiyo yenye uchungu wenyewe.

Basi, walimkamata baba. Ilikuwa hivi. Wanaume waliitwa kwa zamu kuvunja mawe ya barabara, na baba zamu yake alikuwa ameimaliza. Askari akaja tena kumtafuta. Baba akamwambia nimeshakwenda. Askari akamshika yeyo mkono, akasema basi huyu ataniletea mawe badala yako. Baba akampiga kofi. Kofi moja tu, lakini askari alikaa chini vumbini, na kofia yake ilibingirika mpaka kwenye zizi la mbuzi. Mimi nilicheka. Najilaumu kwa mengi na hilo ni mojawapo, kwamba nilicheka. Saa ya kukamua ya jioni walikuja askari wanne, wakamfunga.

Boma la Mjerumani mnalijua, kuta zake nyeupe mnaziona hata leo. Wafungwa walifungwa mnyororo wa shingoni, kumi kwa mnyororo mmoja. Wazee wa rika la baba walishuka kumwomba Bwana Shauri, yule Mjerumani mkuu wa Boma, wakarudishwa getini. Mchungaji wa misheni alikwenda, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka jua likamshinda. Yeyo alikaa siku tatu ng'ambo ya mto Themi akiangalia kuta. Siku ya tatu karani mmoja, mtu wa pwani, alimwambia ukweli kwa huruma yake: "Dada, usikae hapa. Jumatatu wanapelekwa Tanga." Waliopelekwa Tanga kwa mnyororo tuliwajua kwa majina. Hatukuwahi kumwona hata mmoja aliyerudi.

Asubuhi iliyofuata yeyo alibeba maziwa kama kawaida, ila tulipofika hakuyaweka mezani. Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga magoti, lakini siku hiyo alipiga magoti kwenye sakafu ya mbao.

"Mama, sema na Bwana Shauri," alisema. "Wewe Mzungu, yeye Mzungu. Neno lako moja tu. Mume wangu ndiye aliyekuletea manyoya."

Mama Kinanda alimwinua, akashindwa, akakaa naye chini. Kiswahili chake alifundishwa na mpishi, na kilikuwa cha jikoni. "Mimi Italia," alisema. "Yeye hapana sikia mimi. Bwana yangu hapana hapa. Mimi mwanamke." Akalia. Walilia wote wawili, na mimi nikabaki nimeshika kibuyu. Kisha akainuka, akakaa kwenye kinanda, akapiga zile sauti nne zinazoshuka, akaimba. Nadhani hakuwa na kitu kingine cha kumpa yeyo. Leo nadhani hivyo.

Yeyo alitoka nje amekasirika. "Nimemwomba mdomo wake," alisema, "yeye ananipa ngoma." Akaondoka bila kuningoja.

Mimi nilibaki kumalizia maziwa. Ndipo Mama Kinanda aliponivuta karibu, akagusa yule mtu wa kwenye kifuniko, na akanieleza wimbo ule unahusu nini.

"Hii bwana naimba sana," alisema. "Mke yake naluma nyoka. Basi, mke nakwenda boma ya wafungwa."

"Wafungwa?" niliuliza.

"Ndiyo, wafungwa. Chini. Boma kubwa, mfalme yake kali sana."

Neno alilokuwa akilitafuta ni wafu. Nimelijua hilo miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa misheni na mwalimu akatusimulia hadithi hiyo ya kale ya mtu aliyemfuata mkewe kuzimu. Lakini Mama Kinanda alikuwa na tabia ya kuchanganya maneno yanayofanana, na mimi Kiswahili changu mwenyewe kilikuwa cha kuokota, nyumbani tulisema Kimaa. Nilisikia boma, nikasikia wafungwa, nikaambiwa chini. Sisi watu wa juu tulikuwa tukisema hivyo hivyo, nashuka Bomani. Wala sikushangaa kwamba mwanamke kaumwa na nyoka kisha akafungwa. Askari niliowajua mimi hawakuhitaji sababu.

Akaanza kupiga bila kuimba, na kila sehemu akaniambia ni nini. Hapa anavuka mto. Nikasema moyoni, Themi. Hapa mbwa, vichwa vitatu. Bwana Shauri alikuwa na mbwa, mimi nilimwona na kichwa kimoja, lakini sikuwahi kumkaribia. Hapa mlango. Hapa anaimba mbele ya mfalme, na mfalme, ambaye hajawahi kumhurumia mtu, analia. Vidole vya Mama Kinanda vilitetemeka juu ya sauti hiyo moja kwa muda mrefu, na nikaona kwamba na yeye analia.

"Mfalme nasema, haya, chukua mke. Wewe nenda mbele, yeye nakuja nyuma. Lakini hapana geuka. Wewe nageuka, basi, kwisha."

"Akafanyaje?"

"Aligeuka," alisema. Hilo neno moja alilisema sawasawa, kama mtu aliyezaliwa nalo.

Nilimdharau yule mtu, nakwambieni kweli. Mwanamume mzima ameshindwa jambo ambalo kwetu msichana yeyote analiweza. Kwetu bibi harusi akitoka kwa baba yake hageuki. Mama yake atalia, ndugu zake watamwita kwa jina, yeye anatazama mbele tu, kwa sababu akigeuka anakuwa jiwe. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Olmotonyi mwaka ule ule, nami nilimsindikiza nikiwa nyuma yake, nikaona shingo yake imekakamaa njia nzima, machozi yanadondoka lakini shingo haigeuki. Kama kazi yenyewe ilikuwa hiyo, kuimba na kutogeuka, basi baba amekwisha toka. Nilihisi furaha kubwa. Watu wazima wote walikuwa wamekwenda Bomani na maneno, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mlango wake unafunguliwa kwa wimbo. Mama Kinanda alimweleza yeyo, yeyo hakuelewa. Mimi nilielewa.

"Nifundishe," nilimwambia.

Sidhani kama kuna mtu huku milimani aliyewahi kumwomba neno hilo. Alinishika kidevu, akanifungua mdomo kwa kidole gumba, akanionyesha kwa kiganja mahali pa kuvuta pumzi tumboni. Nilikwenda asubuhi na nilikwenda alasiri, mpaka Jumapili. Nyumbani yeyo alidhani nachunga mbuzi kwa shangazi. Maneno ya Kiitaliano sikuyajua maana hata moja, niliyashika kwa sauti tu, nikayarudia migombani mpaka koo likauma. Mara ya pili ya wimbo, ile yenye mapambo, ilinishinda. Mama Kinanda alisema haina neno, imba mara moja. Nikakataa. Nilijua mfalme akisikia nusu atatoa nusu. Jumapili alasiri nikaipata, na Mama Kinanda alinikumbatia, akanipaka harufu ya nta mwili mzima. Sikumwambia wimbo wa nini. Nilidhani anajua. Si yeye aliyenipa?

Jumatatu yeyo alipoingia zizini kukamua, mimi nilishuka. Nilivuka Themi kwa mawe, maji yakiwa baridi sana asubuhi ile. Mbele ya Boma nilikuta wafungwa wameshatolewa nje, wamekaa chini kwa safu, na mizigo yao imepangwa pembeni. Baba alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Walikuwa wamemnyoa kichwa, na nilimtambua kwa magoti yake, maana magoti yetu yanafanana. Hakuniona. Alikuwa anatazama ardhi.

Askari wa getini aliniuliza nataka nini. Nikasimama kama nilivyofundishwa, nikavuta pumzi ya tumbo, nikaanza kuimba.

Askari alicheka, akamwita mwenzake, wakacheka wote. Nikaendelea. Kwenye ile sehemu ya kupanda, kichwa cha baba kiliinuka. Kisha mlango wa juu ukafunguliwa, Bwana Shauri akatoka na kitambaa cha kulia chakula bado kiko shingoni, na mbwa wake nyuma yake. Askari walikaa kimya papo hapo. Nilirudi mwanzo, nikaimba mara ya pili kwa mapambo yote, sikukosea hata moja. Nasema hivi nikiwa mzee na sina sababu ya kujisifu: sijawahi tena kufanya kitu chochote vizuri namna ile.

Bwana Shauri alishuka ngazi polepole. Uso wake ulikuwa umelainika, na macho yake yalikuwa na maji. Mimi niliyaona. Alisema maneno, na yule karani wa pwani akaja kuyatafsiri.

"Bwana anauliza, nani kakufundisha?"

"Mama Kinanda."

"Anasema umeimba vizuri sana. Umemkumbusha kwao, na mama yake. Anauliza unataka nini?"

Niliinamisha kichwa mbele yake ili aniwekee mkono, kwa kuwa ndivyo mtoto wa kwetu anavyomsalimu mkubwa. Hakuniwekea mkono. Nikasema nikiwa nimeinama vile vile, "Nataka baba yangu."

Karani alitafsiri. Bwana Shauri alivua kile kitambaa shingoni, akakikunja mara mbili, akakikunja tena. Alisema sentensi fupi, akageuka, akapanda ngazi, na mbwa akamfuata. Karani alibaki nami, na sentensi ile hakunitafsiria. Hakuwa mtu mbaya, nimefikiri juu yake mara nyingi na siwezi kumfanya mbaya. Alikuwa na msafara wa wafungwa wa kuuondoa, na mbele yake kuna mtoto ambaye angeshikwa na kilio na kuburutwa. Akachutama, akanishika mabega, akanielekeza njia ya nyumbani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Wewe tangulia. Baba yako anakuja nyuma."

Maneno yale yale! Niliyasubiri siku nne, na sasa nimeambiwa kwa Kiswahili safi kabisa. Niliogopa hata kupepesa macho. Nikaanza kutembea.

Nilivuka Themi, na nyuma yangu nikasikia mnyororo. Wanakuja. Watu wengi wanatembea pamoja, chuma kinagonga chuma, miguu inaingia majini na kutoka. Barabara ya Moshi, ya kwenda Tanga, ni hiyo hiyo ya kwetu, mimi hilo sikulifikiria. Nilichojua ni kwamba baba anakuja nyuma yangu na kwamba shingo yangu isigeuke. Nilikaza shingo kama dada yangu. Nilitazama jani moja, nikilifikia natazama jingine.

"Nasieku!"

Baba aliniita. Sauti yake haikuwa na kicheko, lakini ilikuwa yake. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kugeuka. Nikasema ndiyo hiyo, ndiyo iliyomshinda yule mtu wa kwenye kifuniko, mimi hainishindi.

"Nasieku, geuka nikuone."

Nikaongeza mwendo. Nililia kama dada yangu alivyolia, machozi yanashuka shingo imesimama. Nikamwambia moyoni, vumilia, baba, tumekaribia, tukifika uani nitakutazama mpaka uchoke.

Mara ya tatu hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu." Askari mmoja akasema, "Kimya!" Na hapo nilikuwa nimefika kwenye kijia chetu, nikaacha barabara, nikapanda. Mnyororo ulianza kusikika kwa mbali, kisha haukusikika. Nikafurahi sana. Nilijua wamemfungua.

Yeyo alikuwa amesimama uani, amenitafuta kila mahali, mikono bado ina maziwa. "Umetoka wapi?" aliuliza. "Nimemleta baba," nikamwambia. "Yuko nyuma yangu. Usiniguse, nisije nikageuka." Yeyo aliinua macho akatazama kijia juu ya bega langu. Mimi nilimtazama yeye usoni, nikisubiri kuiona furaha. Nilisubiri. Nimeona nyuso za watu waliofiwa, nimeziona nyingi, na za watoto wangu pia, lakini ule uso wa yeyo akitazama kijia kitupu ndio niliojifunzia kukata tamaa ni nini. Kisha akanipita akikimbia kwenda barabarani. Alirudi peke yake. Tangu siku hiyo hatukupeleka maziwa tena kwa Mama Kinanda, na mwaka uliofuata alirudishwa kwao, sijui kwa nini, wala sikwenda kumuaga.

Zilipita masika mbili. Siku moja, tukiwa tunamenya ndizi, akaingia uani mtu mmoja wa Lemara aitwaye Sanare, mwenye kovu la chuma limezunguka shingo yote. Alikuwa amefungwa mnyororo mmoja na baba, jirani kwa jirani. Nilimwinamia, akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu kuliko kawaida. Yeyo alimpa maziwa. Hakuyanywa.

Alisema kwamba walipofika mto Sanya, mnyororo ulikatika kwenye kivuko. Pete moja ilikuwa imeliwa na kutu. Maji yalikuwa mengi na askari walikuwa wanahangaika na mizigo. "Watatu tuliachiwa, mimi, mumeo na mwingine. Mimi na huyo mwingine tukaingia kwenye matete. Nikamvuta mumeo mkono, nikamwambia twende, msitu huu hapa. Akakaa chini kwenye mchanga."

"Alikuwa mgonjwa?" yeyo aliuliza.

"Hakuwa mgonjwa. Aliniambia, nenda wewe, Sanare. Mimi binti yangu nimemwita mara tatu, ameondoka bila kugeuka, kama bibi harusi. Mtoto hatoki hivyo ila amekwisha maliza na nyumba ya baba yake. Wamekwisha niaga huko. Nimrudie nani?" Sanare alitazama chini. "Nilimwachia mkono. Ndivyo nilivyopona."

Hatukupata habari nyingine ya baba, hapo wala baadaye.

Sanare alipoondoka yeyo aliendelea kumenya ndizi mbili au tatu. Kisha akaweka kisu chini, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nasieku," alisema. "Alikuita?"

Ningemweleza nini? Kwamba kulikuwa na mtu ndani ya kifuniko cha kinanda, na mke wake, na mfalme aliyelia? Nilikuwa na miaka kama kumi.

"Sikusikia, yeyo," nilisema. "Palikuwa na kelele za mnyororo."

Aliniamini. Alinivuta akanilaza kichwa mapajani, akaniambia si kosa langu, mtoto hawezi kuitika asichokisikia, na akalirudia hilo mara kwa mara mpaka uzeeni, kila aliponiona nimekaa kimya. Alikufa akiamini hivyo. Mimi nilimsikia baba mara zote tatu.